Kumtembeza Baba

Ilford, London
Jumapili mchana

Kaka yangu Haji,

Assalaam alaykum. Nataraji wewe mzima, wifi hajambo, watoto wameshapona mafua yao, na mguu wa Shangazi umepungua uvimbe. Sisi huku wazima wote kasoro mimi. Sina homa wala kikohozi. Nina baba yako, mwezi wa tatu huu, na nimechoka.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua kama watu wa zamani wakati simu ninayo. Simu ninayo kwa jina tu. Baba ndiye anayekaa nayo, anaangalia video za watu wanaojenga nyumba na kuwagombeza kana kwamba wanamsikia. Ujumbe wako wa sauti ukiingia anaufungua yeye, tena kwa sauti ya juu, tusikie sote mpaka jirani. Ule wa juzi nimeuwahi kwa bahati, alikuwa msalani. Ule uliosema mafundi wa plasta wanaanza Jumatatu ya wiki ijayo, si hii ya kesho, halafu ukauliza ni nani aliyechimba shimo nyuma ya jiko akalijaza tope jeupe, kwani unataka lizolewe likatupwe. Basi barua hii nampa Bi Zuhura, jirani yetu wa mtaa wa pili, anasafiri Jumatano na Ijumaa atakuwa Chwaka. Isome mpaka mwisho kabla hujamruhusu mtu kushika jembe.

Kwanza nikukumbushe tulivyopatana, maana naona umesahau. Wewe ulisema nyumba imechakaa, kuta zinamwaga unga, watu wanasema watoto wa fundi wameshindwa kutengeneza nyumba ya fundi, na Baba saruji hataki hata kuisikia. Ukasema nimlete London miezi sita, nimwambie anakuja kukaa na mjukuu wake, na wewe huko upige saruji nyumba nzima. Akirudi ataikuta inang'ara, atakasirika siku mbili, yatakwisha. Mimi nikasema sawa. Sikatai, nilisema sawa. Kazi yangu ikawa moja tu, kumtembeza, asikae ndani akaanza kukumbuka nyumbani. Nilipokuuliza nimtembeze wapi, ukanijibu nimpeleke mashamba akaone mambo ya kale ya Wazungu, ngome na vijiji vyao, eti wazee wanapenda vitu vya kale. Kaka, huyu mtu amekulea. Fundi wa mawe na chokaa, miaka hamsini mwiko mkononi, nawe ukanituma nimpeleke kwenye kuta.

Safari ya kwanza ilikuwa ngome moja huko Kent. Basi la matembezi linaondoka Stratford saa moja na nusu asubuhi, na Jumamosi ile ndiyo iliyokuwa mapumziko yangu mwezi mzima, kwa kuwa siku nyingine zote ninaosha na kuvisha wazee wa watu kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nikaamka alfajiri nikasukuma chapati, nikajaza chai ya tangawizi kwenye chupa, nikamvisha Baba koti la mume wangu juu ya kanzu, nikamburura Raya kitandani. Raya siku hizi ana miaka kumi na mmoja na Kiswahili anakisikia chote, ila akijibu ni Kiingereza, na siku ile alijibu kwamba babu yake anamtia aibu na bado hatujafika hata kituoni.

Ngome yenyewe nzuri, nisiseme uongo. Ina maji pande zote, ina mabata, ina bustani, na kuna bwana anayeeleza habari za wafalme kwa kipaza sauti. Watu wote wakapanda mnarani. Baba akasimama langoni. Nikamwambia twende juu tukaone mandhari, akasema tangulieni. Tumepanda, tumeshuka, tumezunguka bustani, tumekula chapati, na Baba yuko pale pale langoni, pua yake na ukuta. Nikaja kumkuta ametoa ufunguo wa nyumba ya Chwaka mfukoni, ule mkubwa wa mlango wa mbele, anakwangua katikati ya mawe. Mlinzi anakuja mbio.

"Mwambie huyu bwana," Baba akaniambia, bila hata kugeuka, "hapa wametia saruji. Nani kawaambia watie saruji hapa?"

"Baba, hawa wana wataalamu wao."

"Wataalamu gani? Tazama weye mwenyewe. Jiwe limeoza, saruji imebaki. Ukuta unataka kuhema, wao wameuziba pua. Mwambie."

Nikamwambia mlinzi kuwa baba yangu ameipenda sana ngome yao. Mlinzi akatabasamu, akasema tafadhali asiiguse. Nikamwambia Baba kuwa mlinzi anashukuru kwa ushauri. Baba akatikisa kichwa, akarudisha ufunguo mfukoni, na njia nzima mpaka Stratford akanisomesha habari ya chumvi na unyevu huku mimi nikijua kuwa saa ile ile wewe uko Chwaka unaagiza saruji. Nililala na kichwa kinanigonga.

Nikasema ngome basi, safari ya pili nimpeleke kijijini. Kuna vijiji huko magharibi, mwendo wa saa mbili na zaidi, vimejengwa kwa mawe ya rangi ya asali, vina kijito na daraja dogo, watu wanatoka dunia nzima kuja kuvipiga picha. Nilidhani atakaa kando ya maji, ale barafu yake kwenye kikombe, turudi. Tumeshuka basini, nimegeuka kumfunga Raya zipu ya koti, nikiinua uso Baba hayupo. Nimemtafuta nusu saa nzima. Nimemkuta nje ya nyumba ya mtu, kiganja amekibandika ukutani kama daktari, na mwenye nyumba, bibi wa Kizungu mkongwe mwenye fimbo, anatoka mlangoni.

Nikaanza kuomba radhi, na wakati naomba radhi, yule bibi akanipita kando mimi na radhi zangu, akamshika Baba mkono wa koti, akampeleka ubavuni mwa nyumba. Kule ukuta ulikuwa na makovu, mawe yameliwa nyuso zake, mengine unaweza kuyachota kwa kijiko. Akaeleza kuwa marehemu mume wake alipiga saruji upande ule ili uwe imara. Baridi ilipokuja, maji yalinaswa ndani, mawe yakapasuka, na chumba chao cha kulala kikanuka ukungu miaka mingi. Ilibidi saruji yote ibanduliwe na mawe mengine yatolewe. Haya alinieleza mimi, lakini Baba alishayaelewa kabla sijafasiri hata neno. Yeye anasema Kiswahili, bibi anasema Kiingereza, kila mmoja anaonesha kwa vidole, na hakuna anayenisubiri mimi. Wamezungumza hivyo mpaka dereva akaanza kupiga honi. Tumepanda basi watu wote wametununia. Raya alijifunika kofia ya koti uso mzima.

Usiku ule nilitaka kukupigia simu nikwambie uache. Sikupiga. Nilijiambia hali ya hewa ya huku si ya kwetu, sisi hatuna baridi ya kupasua mawe, na nawe ulishanunua kila kitu. Tena nilishakuwa na hasira. Nilikuwa na hasira na Baba kwa kuniharibia si wikiendi moja bali mbili, na hasira nawe kwa kunifanya mtunza mfungwa ambaye ni baba yangu mwenyewe.

Safari ya tatu nikajifanya mjanja. Nikasema nitampeleka mahali ambapo hapana ukuta hata mmoja, pana majani na upepo na bahari, mikono yake ipumzike. Nikachagua majabali ya pwani ya kusini, yale meupe yanayosifiwa. Kaka, jabali lote chokaa. Tangu juu mpaka chini, maili na maili, chokaa tupu. Tumefika ufukweni chini yake, Baba akasimama akasema, "Allahu Akbar," taratibu, kama mtu aliyeingia kwa watu wake. Akaokota kipande, akakivunja, akakionja kwa ncha ya ulimi mbele ya watu. Raya akatangulia hatua ishirini mbele.

Tukakaa juu ya jiwe, nikammiminia chai. Akanywa nusu kikombe, ndipo akaniuliza, "Haji keshaanza?"

"Kaanza nini, Baba?"

"Asha, miye mzee, si mpumbavu. Mifuko ya saruji niliiona kwa jirani tangu sijaondoka. Kaifunika turubai, pembe zote ziko nje."

Nilikosa pa kuweka uso. Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini alikubali kuja.

"Nikikaa pale namzuia. Nikifa atapiga saruji kabla hamjamaliza hitma. Sasa nimzuie mpaka lini? Nimeona bora niondoke, nimwachie nyumba na nimwachie chokaa, nijue mwenyewe atashika kipi."

"Chokaa gani?"

Ndipo akanieleza. Wiki ile uliyokuwa mjini kushughulikia pasi yake ya safari, alimwagia maji chokaa akaifukia nyuma ya jiko, akaifunika magunia na mchanga. Ya kutosha nyumba nzima. Alihesabu kuwa miezi sita ya kukaa huku ndiyo miezi sita ya chokaa kulala, na akirudi itakuwa laini kama siagi. Mimi hapo najisifu kuwa nimemhadaa mzee wa watu kuja kutembea, kumbe yeye amekuja kusubiri chokaa yake iive.

Nikamwambia, "Basi nimwambie Haji asiiguse."

"Usimwambie. Haji alikuwa akiikoroga na mama yenu, yeye hajaanza hata chuo cha Kurani. Akifunua shimo ataijua. Ukimwambia weye, hapo atakuwa ananitii tu, na miye wa kunitii nishachoka naye."

Alikunja kile kipande cha jabali kwenye leso akakitia mfukoni pamoja na ufunguo, akauliza wapi pana maji atie udhu. Mimi nililia kidogo, nikasingizia upepo.

Siku nne baadaye ndipo ulipoingia ujumbe wako unaouliza tope jeupe ni la nani. Kaka Haji, tope? Nimeusikiliza mara tatu nikidhani unatania. Wewe uliyeteleza ukapiga goti ndani ya chokaa inayochemka, Mama akakumwagia ndoo mbili za maji huku analia kuliko wewe, ukafungwa vitambaa mpaka Ramadhani ikaisha. Mimi nilikuwa mdogo na bado nakumbuka. Lile goti la kushoto lina kovu mpaka leo, unalificha ukicheza mpira. Halafu unafunua gunia, unaona chokaa, unaita tope.

Sasa nisikilize, na sitaki ujumbe wa sauti wa kunijibu. Mafundi waambie wasije. Saruji mwaga sakafu ya banda la mbuzi, huko haitamuumiza mtu. Ule ukuta wa upande wa msikitini ulioupiga kwa majaribio ukanitumia picha, nikaifuta kabla Baba hajaiona, ubandue ungali mbichi, taratibu, usije ukaondoka na mawe. Shimo lirudishie magunia yake na ulitie maji juu, chokaa isikauke. Usimwombe mtu mwingine akufanyie. Najua wewe si mtu mbaya, Haji. Ulitaka Baba alale kwenye nyumba isiyomwaga unga, nami nilitaka hivyo hivyo. Ila tulimpangia kama mzigo, leo kwenda London, kesho kurudi Chwaka, na yeye akakubali kupangwa ili atuone.

Nisalimie wifi yangu Mariam, mwambie khanga alizoagiza anazo Bi Zuhura. Nisalimie Shangazi, na umwambie kaka yake anakula vizuri ila anasema samaki wa huku wamekufa mara mbili. Watoto wabusu. Mume wangu Khamis anakusalimu, na Raya pia, amesema kwa Kiingereza lakini nimemlazimisha arudie kwa Kiswahili.

Barua hii ukishaisoma itie jikoni, iungue. Nimevunja neno la Baba kwa ajili yako na sitaki alijue hilo maisha yake yote. Ijumaa usiku mpigie, yeye mwenyewe atapokea, simu anayo yeye. Mwambie umeifunua chokaa yake na umeiongezea maji. Akikuuliza nani kakwambia kama ile ni chokaa, mwambie amekwambia goti.

Mdogo wako aliyechoka,
Asha