Kitasa cha Mlango wa Kijani

Chumba cha Nyuma ya Karakana,
Nyumbani.
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mgongo umeacha kukusumbua? Na wale pacha, bado wanagombania kiti cha dirishani? Sisi huku ni wazima, na Bibi ameanza tena kuimba akichambua mboga, kwa hiyo ujue mambo ni mazuri.

Najua umekuwa roho juu tangu Mama alipokupigia simu akilia. Tulia sasa: kaka yako ameachiwa huru! Hakimu alitamka Ijumaa. Kwenye simu hukusikia kitu kwa sababu ya vigelegele, ndiyo maana nimeshika kalamu nikusimulie tangu mwanzo.

Asubuhi ya siku aliyokamatwa Baba, mteja alipiga simu karakana kwamba kitasa cha mlango wake kimekwama. Baba alikuwa na grisi mikononi, akaiweka simu kwenye spika. Mimi nilikuwa kwenye kona na kitabu changu, nikasikia yote: mlango wa kijani, ukishalipita duka la dawa. Kumbe milango ya kijani iko miwili! Na unamjua Baba, yeye haangalii nyumba, anaangalia kitasa. Cha kwanza alichokiona kilikuwa kimeoza kwa kutu, akajiambia mgonjwa wake ndiye huyo. Hakuona mtu, akadhani mteja ametoka kidogo. Akafungua, akaking'oa, akafunga kipya, kisha akaingia ndani na kujifungia ili akijaribu.

Mwenye nyumba, ambaye ni muuguzi, akarudi kutoka zamu. Ufunguo wake ukakataa. Mara mlango ukafunguliwa kutoka ndani, na Baba huyo anatabasamu.

"Karibu, mama, ingia tu! Funguo zako mpya hizi hapa."

Mayowe aliyopiga yule mama yalijaza watu barabarani. Baba akashtakiwa kwa kuvunja nyumba na kuingia kwa nia ya kuiba. Adhabu ya kosa hilo ni kifungo, na hata angetoka, nani angempa kazi fundi vitasa aliyefungwa kwa kuvunja milango? Mama alikuwa hapati usingizi.

Nikaenda maktaba ya shule, nikaazima kitabu cha sheria ya jinai. Shangazi, ni kitabu kitamu! Kinasema makosa mengi ya jinai husimama kwa miguu miwili, kitendo na nia. Ukiondoka na mwavuli wa mtu ukidhani kwa dhati ni wako, umeuchukua kweli, lakini hukuiba. Kutojua sheria hakukuokoi. Ila kukosea jambo lenyewe, kama vile nyumba ni ya nani, kunaweza kukuokoa ikiwa umekosea kwa moyo safi. Tena si kazi ya mshtakiwa kuthibitisha kwamba hana hatia. Mzigo huo ni wa upande wa mashtaka, mpaka isibaki shaka ya maana.

Nilimsomea Baba hayo yote tukiwa mezani. Akasema, "Vizuri sana, Kimya. Utakuja kuyasema mwenyewe mahakamani." Nikapaliwa na maji.

Wewe unanijua. Hata mwalimu akiita majina, jirani yangu ndiye huniitikia. Lakini simu ile tuliisikia watatu tu: Baba, mimi na mteja.

Mteja alitangulia kutoa ushahidi. Alieleza alivyomngoja Baba nyuma ya nyumba yake hadi akachoka, akavunja dirisha na kuingia. Hakimu akamuuliza kama kuna aliyemshtaki.

"Anishtaki nani, mheshimiwa? Nyumba ni yangu mwenyewe!"

Watu wakaangua kicheko. Kisha nikaitwa mimi. Mwendesha mashtaka akanisogelea.

"Huyu ni baba yako. Unampenda?"

"Ndiyo."

"Basi unaweza kumdanganyia."

"Ningetaka kudanganya ningesema hakuingia," nikajibu. "Aliingia. Kitendo kipo, nia ndiyo haipo. Mwizi gani anamkaribisha mwenye nyumba na kumkabidhi funguo?"

Nilitaka kugeuka nione ni nani aliyesema hivyo, maana sauti ilifika hadi viti vya nyuma. Hakimu alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Hukumu ilikuwa fupi. Kuingia kumethibitishwa, nia ya kuiba haikuthibitishwa, mshtakiwa hana hatia. Na tangu leo asome namba za nyumba.

Nje ya mahakama Baba alimwomba radhi yule muuguzi, akamwambia yuko tayari kumrudishia kitasa chake cha zamani.

"Thubutu!" akasema yule mama. "Hiki hakitoki. Na mlango wa nyuma nao unakwaruza, uje Jumatatu. Nyumba sasa unaijua."

Tulipofika nyumbani, Mama na Bibi walikuwa wametangulia. Baba hakugusa mlango. Alibisha hodi, akauliza kwa adabu, "Jamani, hapa ni kwangu?"

Mama akajibu kutoka jikoni, "Leta ushahidi!" Kisha akacheka mpaka akakaa chini, yeye ambaye kwa wiki nyingi tulimsikia akilia tu.

Wasalimie sana pacha, na umwambie baba yao kwamba Bibi anamuulizia. Mungu akupe afya na akufungulie kila mlango, hasa ule ulio wako.

Ni mimi nikupendaye siku zote, mtoto wa kaka yako asiye na hatia,

Kimya