Meya Anarudishwa Jumamosi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, na kwa kuwa nimefundisha historia maisha yangu yote na sipendi ushahidi ufichwe, nianze kwa kukiri kwamba kuna jambo nimemficha binti yangu tangu theluji ilipoyeyuka, na kwa sababu ya jambo hilo mbwa anakaribia kufukuzwa nyumbani kwangu.

Mimi ni mgane, naishi ghorofa ya tatu hapa Lom, kando ya mto Danube, na moyo wangu umechoka kiasi kwamba daktari ameacha kunipangia tarehe ya kurudi, siku hizi ananiambia tu "haya, Mwalimu, tutaonana", kwa sauti ya mtu anayemuaga abiria. Tangu Nevena wangu afariki, binti yetu Zornitsa, anayekaa jengo la jirani na kununua gazeti lenu kila wiki, huniletea supu kila jioni pamoja na vidonge vyangu, cha moyo na kile cha kutoa maji mwilini, na hukaa akinitazama mpaka nimalize vyote. Ndiye aliyeamua kwamba nahitaji kiumbe cha kuniamsha asubuhi, akaenda na mumewe Plamen kwenye kituo cha mbwa wasio na wenyewe, wakarudi na dume la rangi ya vumbi, lenye kipande cha plastiki cha njano sikioni, alama ya kituo hicho, na tumbo la mtu mwenye cheo. Nikampa jina la Meya, kwa sababu ya tumbo hilo na kwa sababu ukimwita haji.

Mwanzo ulikuwa mgumu, sikatai. Meya aliingia chini ya kabati la vyombo akakataa kutoka, Plamen akalala kifudifudi sakafuni akimbembeleza kwa soseji, na Meya akaipokea soseji bila kusogea, mpaka Plamen akasema huyu kweli ni meya. Lifti aliiogopa, ngazi alizipanda vizuri lakini kuzishuka hakutaka, kwa hiyo Plamen alimbeba kama bibi harusi, majirani wakichungulia. Tukimwacha peke yake alilia kwa sauti ndefu kama anasoma risala. Ndala tunazowawekea wageni mlangoni alizitafuna, na alitafuna za kushoto tu, hivi kwamba mgeni akija kwangu sasa nampa za kulia mbili naye hutembea akielekea ukutani.

Kisha likaja la Stamat. Unajua sisi tunavyobandika matangazo ya tanzia mlangoni pa jengo, yenye picha ya marehemu, na kuyabandika upya kila mwaka ukitimia. Jirani yangu wa chini, Bi Tsvetanka, hubandika ya marehemu mumewe, Stamat, kwa gundi ya unga anayoikoroga mwenyewe, maana selotepu anasema ni ya vifurushi. Meya akaionja gundi hiyo. Bi Tsvetanka akapanda ngazi zote, akasimama mlangoni kwangu mpaka pumzi ikamrudia, akaniambia, "Mwalimu, mbwa wako amemla Stamat."

Nikamwomba radhi. Akasema, "Nimemlisha mwanamume yule maisha yake yote, leo yeye ndiye kaliwa. Na kabakiza masharubu."

Alibandika tena, na Meya akala tena, safari hii pamoja na bibi mmoja wa ghorofa ya tano ambaye hata hatukumfahamu vizuri. Lakini Zornitsa alimtetea, akasema mbwa mgeni hupewa muda, bado anajifunza nyumba, na yote hayo akayasamehe.

Ambalo hakulisamehe ni la zulia. Kando ya kitanda changu pametandikwa zulia la sufu la mtindo wa Chiprovtsi, alilolifuma mama mkwe wangu, ambalo Nevena alikuja nalo siku ya harusi yetu. Asubuhi moja Zornitsa alilikuta limelowa. Akamtazama Meya, Meya akapiga miayo, na mimi nikiwa nimesimama pale na joho langu la kulalia nikasema, ndiyo, ni kawaida, mbwa mpya, hana malezi. Usiku Meya akaja kulala miguuni pangu kama kawaida, na zulia likalowa tena, na tena. Zornitsa akaleta siki, Plamen akamtembeza Meya mpaka viatu vyake vikaisha soli, kisha rafiki yake wa kazini akamfundisha upuuzi wa kumshika mbwa shingo na kumkandamiza pua penye unyevu, naye akaujaribu. Meya akanusa, taratibu, kama mtu anayesoma sahihi chini ya waraka, halafu akainua kichwa akanitazama mimi. Nimetazamwa na wanafunzi wa kila aina, mshauri, lakini sijawahi kutazamwa hivyo.

Jumapili iliyopita Zornitsa aliweka supu mezani akasema, "Baba, nimevumilia ndala, nimevumilia Stamat. Zulia la mama sivumilii. Jumamosi anarudi alikotoka."

Nikasema pengine anaumwa.

"Usimtetee, baba. Mbwa gani huyu, anakojoa kama mzee."

Supu ikanipalia mpaka akanipiga mgongoni.

Utauliza kwa nini sikusema. Rafiki yangu Grozdan, aliyefundisha jiografia darasa la jirani na langu, watoto wake walikuta shuka limelowa mara moja tu, na kabla wiki haijaisha wakampeleka nyumba ya wazee, ambako televisheni inaonyesha mapishi mchana kutwa, mbwa hawaruhusiwi, na juzi nilipomtembelea aliniuliza mto Danube uko upande gani. Nikisema, nitaondoka mimi na Meya pia. Nikinyamaza, ataondoka Meya peke yake, na hivyo nimenyamaza, kila jioni, huku nikimeza supu.

Lakini kuna hili linaloninyima amani. Tangazo langu la tanzia nimeshaliandika mwenyewe, maana simwamini mtu mwingine kwa mambo ya tarehe, na Bi Tsvetanka ameahidi kunibandika kwa gundi yake. Chini ya picha nimeandika: Mwalimu, mume, baba, mtu mkweli. Kwa neno hilo la mwisho sipati usingizi. Sitaki kuondoka duniani nikiwa nimemsingizia aliye mdogo kuliko wote nyumbani, kwa hiyo naliandika hapa, na ukiandika jibu usibadilishe jina lolote, mimi nimechoka na habari zilizobadilishwa majina. Meya hajakojoa ndani ya nyumba hii hata siku moja. Ni mimi.

Mwalimu mstaafu, Lom

*

Mwalimu wangu,

Pole kwa moyo, pole kwa Nevena, na sasa kaa vizuri nikugombeze.

Mtu anayetaka siri yake ikae haandiki ghorofa, zulia na jina la mbwa, kisha akaomba majina yasibadilishwe. Unajua vizuri kwamba Zornitsa hununua gazeti hili. Umetaka mimi nimwambie binti yako badala yako. Hiyo kazi siifanyi. Jibu hili nimekutumia kwanza kwa posta, na gazetini litatoka Ijumaa. Kwa hiyo una jioni ya Alhamisi, na nakutaka useme kabla ya kushika kijiko, maana tumeona supu inavyokupalia.

Grozdan namhurumia, lakini watoto wake walikuwa wanatafuta sababu. Wewe una binti anayekaa akikutazama mpaka kijiko cha mwisho. Huyo hatafuti pa kukupeleka. Na akiitaja ile nyumba ya wazee, mwambie wazi kwamba hutaki, kwa sauti ileile uliyokuwa ukiitumia darasani. Umemwogopa mtoto wako mwenyewe kwa jambo ambalo hujamuuliza hata mara moja, na wewe ni mwanahistoria.

Halafu nisikilize kuhusu kidonge. Unameza dawa ya kutoa maji jioni, juu ya bakuli la supu, kisha unakwenda kulala, na alfajiri unamshangaa mbwa? Ijumaa mpigie daktari, asikuambie tu mtaonana. Muulize kama kidonge hicho kinaweza kuhamia asubuhi, na mwambie akupime tezi dume. Usijibadilishie saa mwenyewe, ngoja jibu lake. Mpaka hapo, weka ndoo yenye mfuniko kando ya kitanda, likunje zulia la Nevena ulipeleke sebuleni, na nepi za watu wazima zinauzwa duka la dawa bila mtu kukuuliza jina. Zimevaliwa na majenerali.

Plamen aache kumkandamiza mbwa pua. Hata kama Meya angekuwa na hatia, hilo lingemfundisha woga tu. Mbwa asiyetaka kushuka ngazi afundishwe ngazi moja moja, soseji ikiwa kwenye ngazi ya chini yake, wala asibebwe tena. Ndala ziingie kabatini. Bi Tsvetanka mwambieni kwa heshima ambandike Stamat juu zaidi ya anapofikia Meya akisimama kwa miguu miwili, na kama marehemu alikuwa mwanamume mrefu hatakataa.

Tangazo lako usilibadilishe. Ukishasema Alhamisi, neno lile la mwisho litakuwa halali yako, nawe utalala.

Meya huna haja ya kumwomba radhi kwa maneno. Yeye ana pua. Alijua tangu asubuhi ya kwanza ni la nani lile dimbwi, na usiku uliofuata alirudi kulala miguuni pako.