Ndege ya Mama na Basi Langu

MAELEZO YA SHAHIDI WA AJALI

Shahidi: Futikamba, kwa jina analojulikana nalo. Umri: miaka 46. Kazi: fundi cherehani. Makazi: nyumba ya vyumba sita, nyuma ya soko la nguo.

Afande, naomba uandike huku nikiwa nimesimama. Kukaa nimekaa tangu asubuhi.

Leo saa kumi na moja alfajiri nilipanda basi kwenda jiji la pili. Kwa barabara ni mwendo wa saa nane. Mama yangu mzazi alikuwa anakwenda hukohuko kwa ndege, dakika hamsini na tano tu, kwa sababu amepasuliwa nyonga na daktari amemkataza mitikisiko ya barabara. Uwezo wangu uliishia kwenye tiketi moja. Siku hizi mama ni msahaulifu, kwa hiyo nilipanga nitangulie, nimpokee uwanjani. Mke wangu angempandisha ndege saa saba mchana. Nilimshonea namba yangu ya simu kwenye gauni, kifuani, nikamwambia, "Mama, usiondoke na mtu yeyote ila mimi." Mimi sikati kitambaa bila kupima, ndiyo maana watu wakaniita Futikamba. Lakini mipango si matumizi.

Nilikaa kiti cha mbele, kando ya dereva. Mnamo saa tatu asubuhi, hapo kwenye kituo cha mafuta, pikapu ya nyanya iliingia barabarani bila kusimama. Dereva wetu alifunga breki, lakini basi likaigonga ubavuni. Mwendo haukuwa mkali. Naujua, maana nilikuwa nikiukasirikia njia nzima. Mwenye pikapu alivunjika mkono. Askari walipouliza nani ameona, basi zima lilinigeukia mimi. Likaja basi jingine, wenzangu wakapanda bila hata kwaheri.

Niliambiwa nije hapa kituo cha polisi nimngoje mpelelezi, nikangoja. Kila nikimwomba askari wa zamu aniruhusu niondoke, ananijibu haraka haraka haina baraka. Saa saba na nusu ndege ilipita juu ya kituo. Nilitoka uani nikaitazama hadi ikapotea. Nililia, afande, mtu mzima mimi. Askari akaniambia nirudi kwenye benchi.

Saa nane na robo mfagiaji wa uwanja wa ndege alinipigia simu. Alisema mama ameshuka salama, amekaa karibu na mlango, hataki maji wala kiti cha magurudumu, na kila anayemsogelea anamtishia kwa fimbo yake. Nikaomba niongee naye. Hakuitambua sauti yangu. Aliniambia, "Baba, kuna mtoto wangu wa miaka sita amepotea humu. Ukimwona, mwambie nipo hapahapa, siondoki bila yeye."

Kutoka hapa hadi alipo ni saa nne kwa gari. Nina hofu, afande.

Dereva wa basi hana kosa. Niliyoyaona ni hayo, na haraka yangu isihesabiwe kuwa uongo.

Sahihi ya shahidi: Futikamba

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, naye akayakubali kabla sijamaliza kusoma. Ametia sahihi saa tisa kasoro dakika tano. Nimemsimamishia gari la posta linalokwenda huko. Nimempigia simu mfagiaji, amwambie mama kwamba mtoto ameonekana, yuko mikononi mwa polisi, na analetwa.