Vumbi la Siku Tatu

Jumanne, 5 Juni 1984

Asubuhi yote mezani na saa za watu. Nazifungua, nazipuliza, nazifunga. Mwenye moja anadai yake huenda mbele siku za mnada tu. Ndani yake nimekuta vumbi kama wengine wote. Kiangazi hiki hapa Geita vumbi linaingia hata kwenye saa isiyofunguka.

Jana alikuja Bi Edna, mtafiti kutoka chuo kikuu. Binti mwenye adabu. Anakusanya vumbi la ndani ya nyumba za watu alipeleke ng'ambo kwenye hadubini ya elektroni, waone limeundwa kwa elementi gani. Nikamwambia elementi nazijua. Nimeosha vyombo vya maabara ya mgodi wa zamani miaka tisa, mpaka ulipofungwa, na nilizisoma kwenye lebo za chupa. Alicheka. Kisha akaona sitanii, akavuta kigoda.

Ametuachia brashi na bahasha. Sharti moja: tusifagie siku tatu, kisha tukusanye. Mke wangu akaitikia "Sawa, mwanangu" kwa sauti ile ile anayomwitikia padri.

Kabula, mtoto wa jirani, hatembei tena. Miezi kumi na minne. Aprili alikuwa ameanza kutembea, alifika mpaka mezani kwangu akaniibia skrubu. Sasa anatambaa au anakaa tu, tumbo linamsokota, anatapika. Wazazi wake, Masanja na Nyamizi, wamempa dawa ya minyoo, ya malaria na ya kienyeji. Mke wangu ndiye aliyempokea siku alipozaliwa. Tangu mtoto akae chini, mke wangu hali vizuri.

Ijumaa, 8 Juni

Bi Edna amechukua bahasha. Vumbi laini ajabu, jekundu, kama unga uliosagwa mara mbili. Akalisifu. Mke wangu akainamisha macho kama mwali.

Nyumba nayo inang'aa. Nimeishi na mwanamke huyu miaka ishirini na sita. Nyumba yake isiyofagiwa siku tatu siijui inafananaje, lakini sidhani kama inang'aa. Halafu chekeche limeoshwa limeanikwa, na jana hatukuchekecha unga.

Niliona. Mwanamume anayependa ugali wa moto hasemi kila anachokiona.

Jumapili, 10 Juni

Masanja kaja na Kabula begani. Masanja ni fundi wa malori kwenye gereji ya huko chini. Pia anayeyusha betri kuukuu za malori na kumimina vizito vya kuzamishia nyavu, wavuvi wa ziwani wanavigombania. Mtu wa kazi. Kucheka kwake kunasikika kabla hajafika. Leo hakucheka.

Mke wangu alimkanda mtoto tumbo kwa samli mpaka akalala. Nyamizi, aliyekuja nyuma yao, akamwambia, "Mama Limi, huyu anakujua wewe kuliko mimi." Hakusema kwa wivu.

Jumatano, 8 Agosti

Barua ya Bi Edna kutoka ng'ambo. Ndani yake picha ya chembe moja ya vumbi letu, imekuzwa mara elfu mbili. Inafanana na majabali ya Usukumani, moja limekaa juu ya jingine na hakuna ajuaye ni kwa nini halianguki.

Anaeleza kwamba hadubini hiyo haitumii mwanga. Inaipiga chembe kwa elektroni, nayo chembe inajibu kwa eksirei, kila elementi na jibu lake. Nimeelewa. Ni kama kubisha hodi. Mtu akiitikia tu, unajua ni nani yumo ndani.

Ila vumbi halipitishi umeme vizuri na picha huharibika. Kwa hiyo wakalipaka utando mwembamba wa dhahabu.

Nimesoma mara tatu. Watu wa hapa wanafia mashimoni wakiitoa dhahabu kwenye vumbi. Huko kuna mashine ya kuirudisha.

Uchambuzi kamili utafuata. Kwa huo watapaka kaboni, dhahabu isije ikawachanganya.

Jumamosi, 11 Agosti

Kosa langu. Nilimsomea mke wangu barua, yeye akasikia neno moja. Sasa bombani habari ni hiyo: vumbi la kwa Mama Limi lina dhahabu. Leo wamekuja watatu na saa zisizoumwa. Mmoja amejitolea kutufagilia bure.

"Ni vumbi letu," anawajibu. "Tumelipata kwa usafi." Anatembea kama mke wa diwani.

Nikamweleza tena kwamba dhahabu ile ni ya kupakwa. Akaniambia, "Hata wanja ulikuwa wa kupakwa, na ukanioa."

Nimerudi kwenye saa.

Jumatatu, 3 Septemba

Barua ya pili. Si ya kuchekea.

Silikoni, alumini, chuma: huo ni udongo wetu mwekundu. Potasi: majivu ya jikoni. Kalisi kidogo sana. Halafu kuna chembe zinazong'aa kwenye picha kuliko zote, maana kwenye hadubini hiyo kilicho kizito ndicho cheupe. Hizo ni risasi, ile metali nzito. Nyingi mno. Pamoja nayo salfa na antimoni. Anasema kwenye mchoro kilele cha risasi na cha salfa vinakaa mahali pamoja, ikabidi watafute kilele kingine cha risasi ndipo wahakikishe. Wake wenza kwenye mkeka mmoja. Mfano huo ni wangu, si wake.

Amepigia mstari: nyumba yenu inazidi zote nilizopima. Ni sumu, hasa kwa mtoto anayetambaa. Tafuteni inakotoka.

Risasi naijua. Kule maabara mwamba wa dhahabu ulipikwa na unga wa risasi. Mzee Zakaria wa tanuri alianza na msokoto wa tumbo. Kisha viganja vikalegea, akawa hawezi kushika kikombe. Ufizi wake ulikuwa na mstari wa buluu. Tuliambiwa tunywe maziwa na tunawe kabla ya kula. Maziwa tulikunywa.

Dhahabu ilipotajwa, vumbi lilikuwa letu. Leo ilipotajwa risasi, limeanza kuhama. "Labda lilipeperushwa na upepo," amesema mke wangu. Hakugusa chakula.

Jumanne, 4 Septemba

Nimesoma tena. Kalisi ndiyo iliyonitatiza. Kuta zetu nimezipaka chokaa kwa mkono wangu, na chokaa ni kalisi. Hakuna aliyewahi kuegemea ukuta huu akaondoka na shati lake lilivyokuwa. Vumbi la nyumba hii lingejaa kalisi. Hili lina ile kidogo ya majivu tu.

Sikumgombeza. Nilimwuliza swali moja, "Mama Limi, chokaa yetu imeenda wapi?"

Akakaa chini. Akaweka ufagio pembeni, jambo la nadra.

"Sasa nimpe mgeni uchafu wa nyumba yangu? Akauoneshe wazungu?"

Kumbe alifagia kwetu kila siku, nikiwa mezani. Siku ya tatu hakuna vumbi hata la kujaza kijiko, na bahasha inataka kujaa. Nyamizi alikuwa ameenda kisimani akamwachia Kabula. Mke wangu akafagia chumba cha Nyamizi, kama anamsaidia. Zile taka akazileta hapa akazichekecha, mgeni asikutane na nywele na mavi ya kuku.

Nilitaka kucheka. Kisha nikakumbuka. Ni sakafu ya Kabula. Anatambaa humo kutwa, mikono mdomoni.

"Nitamwambiaje Nyamizi?" akasema. "Kwamba nilimwibia uchafu, kisha nikajitapa nao bombani?"

Nikasema nitakwenda mimi. Akakataa. "Mkono ulioshika ufagio ni wangu."

Nampenda. Sijawahi kuiandika hapa. Basi nimeiandika.

Jumatano, 5 Septemba

Tumekwenda asubuhi, Masanja hajatoka. "Mwangaluka," tukawaamkia kwa Kisukuma, wakaitikia, wakatupa vigoda. Nilichukua lenzi yangu ya saa, nikaiweka jichoni, nikamwomba Nyamizi amfunue mtoto mdomo. Kabula ana meno sita. Chini yake, kwenye ufizi, mstari mwembamba wa buluu.

Nilimwomba Mungu nisiuone. Niliuona.

Mke wangu akasema yote, hakuruka kitu. Nyamizi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe siku ile hukuwa unanisaidia. Ulikuwa unavuna!"

"Nilikuwa navuna, mwanangu."

"Na dhahabu ile ya bombani, mbona hukusema ni ya kwangu?"

Mke wangu akaomba radhi. Mara ya kwanza katika ndoa yetu, na haikuwa kwangu.

Masanja akadakia, "Lakini betri nayeyushia gereji! Hapa siwashi moto hata siku moja!" Nikamwuliza betri zenyewe, zenye mabamba ya risasi ndani, anazivunjia wapi. Nyamizi akainua shuka ya kitanda. Uvunguni, betri za malori zimepangwa kama viazi, nyundo juu yake. Gereji kuna wezi, na betri siku hizi ni adimu kuliko sukari. Kwa hiyo anazivunjia ndani, anabeba mabamba kwenda kuyeyusha. Salfa ya tindikali. Antimoni ya mabamba. Bi Edna alikuwa amezitaja zote, kutoka ng'ambo, bila kuona uvungu huo.

"Mzee, mimi napigania tonge la huyu huyu mtoto," Masanja akasema. Akatoka nje, akasimama nyuma ya nyumba.

Mimi nilipita hapo kila siku. Eti mchunguzi.

Alhamisi, 6 Septemba

Nyamizi hasemi nasi. Mke wangu kampelekea maziwa, kayaacha mlangoni. Kibuyu kimerudi kitupu, kimeoshwa.

Jumamosi, 8 Septemba

Alfajiri hodi. Nyamizi, mtoto mgongoni, furushi kichwani. "Mama Limi, vaa. Twende Mwanza. Siwezi kuwaeleza madaktari mambo ya elementi." Mke wangu alikuwa ameshavaa. Nadhani amekuwa amevaa tangu Alhamisi.

Wamepanda basi la kwanza wawahi pantoni ya kuvukia ziwa. Nimewapa barua ya Bi Edna ndani ya mfuko wa nailoni.

Ijumaa, 14 Septemba

Siku sita mimi na Masanja tunabomoa sakafu yake. Tunanyunyiza maji kwanza, kisha jembe, shubiri nzima chini, tunazika mbali na kisima. Tumeleta udongo mpya wa kichuguu, tumeushindilia. Betri zimerudi gereji kwenye sanduku lenye kufuli. Ananawa huko na kubadili nguo huko. Anatoka nyumbani kwake kama mume, anarudi kama mgeni rasmi.

Jana alinitania, "Mzee, kama ungekuwa na mke mchafu, mwanangu angekufa." Tukacheka mpaka tukakaa chini. Kisha akalia. Nikaendelea kushindilia udongo, nisimtazame.

Nyumba yangu haijafagiwa tangu waondoke. Nimegundua hali hiyo inafananaje.

Jumapili, 21 Oktoba

Wamerudi. Kabula amekonda ila macho yamechangamka, na tumbo limetulia. Wamempa dawa ya kuitoa risasi, kwa awamu. Daktari hakuahidi mengi. Risasi huingia haraka na kutoka kwa kusitasita. Tumshukuru Mungu na tusubiri.

Nyamizi ndiye aliyenisimulia hili. Daktari aliisoma barua ile mara mbili, akauliza nani aliyefanya kipimo hiki. Mke wangu akajibu, "Mimi ndiye niliyefagia."

Nyamizi alisimulia huku yeye na mke wangu wamekaa kigoda kimoja, na mtoto kati yao. Kisha akamwambia mke wangu, "Wabeja, mama." Shukrani nzima ilikuwa hiyo, na ilitosha.

Mke wangu aliingia ndani, akaitazama sakafu yetu ya majuma sita. Akachukua ufagio. Ilikuwa mbaya kuliko kama angenigombeza.

Jumanne, 29 Januari 1985

Bi Edna ameandika. Anataka vumbi tena, la kwetu na la kwa Masanja, alinganishe. Nilimweleza yote kwa barua mwezi wa kumi na moja. Hakukasirika. Anasema sasa kwenye fomu zake ameongeza swali: je, mlifagia kwa heshima ya mgeni? Majibu ya nyumba tatu hadi sasa ni ndiyo.

Mke wangu ameapa hatafagia siku tatu. Ufagio nimeuficha kwenye sanduku la saa.

Ijumaa, 1 Februari 1985

Siku ya tatu. Mvua zimepumzika, vumbi limerudi kwa zamu yake. Mke wangu amekaa kigodani, mikono mapajani, anateseka waziwazi. Wageni wawili wamepita. Wote amewaambia kabla hawajauliza, "Ni mambo ya utafiti."

Mchana alitoka kidogo kumsalimu mgonjwa. Nami nikampelekea mtu saa yake; niliporudi nilichukua brashi na bahasha, nikaanzia ukutani. Chokaa, kama kawaida, ipo mpaka kwenye nywele zangu.

Nilipofika katikati nikaacha. Vumbini kulikuwa na alama kutoka mlangoni. Za kuku, tatu tatu. Za mke wangu, pana, zinakwenda na kurudi. Na katikati ya hizo, nyayo ndogo sana, moja moja, hazikunyooka, kutoka kizingitini hadi kwenye kigoda cha mke wangu. Hakuna alama ya kiganja wala ya goti, na mpaka juzi Kabula alikuwa anatambaa.

Nikamwita aliporudi. Akachuchumaa, akazihesabu.

Bahasha imejaa. Tumekusanya la pembeni lote. Hapo katikati ameniambia nisiguse, na yeye leo hajafagia.