Shimo la Kupokea Maji

Mbinga Mjini,
Jumatatu.

Mpendwa Dada Hedwiga,

Shikamoo. Mnaendeleaje huko Liparamba, na mguu wa shemeji umeacha kutabiri mvua? Sisi huku tunapumua. Mama anakula vizuri na anagomba vizuri, kwa hiyo afya yake haina mashaka. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu salio lingekwisha kabla sijafika penye ukweli.

Ule mpango wa kujenga upya soko na stendi umefika kweli. Mimi wameniweka kwenye kamati ya wananchi ya kupima faida na hasara. Fundi redio hateuliwi kwa elimu. Nadhani walichoka kunisikia nikipima bure kibarazani. Faida zipo, nisiwe mchoyo. Akina mama wanaoleta dagaa kutoka Mbamba Bay watauzia mezani, chini ya paa, badala ya kwenye tope kana kwamba samaki bado wanaogelea. Choo kitakuwepo, tena chenye mlango. Hasara nazo zipo. Wenye vibanda hawajui watauzia wapi wakati wa ujenzi, na mabati na lami yote hiyo itamwaga maji bondeni kwa akina Egidi. Unakumbuka mvua za mwaka jana zilivyobomoa jiko lake, mkewe akawa anapikia kwa jirani.

Mkutanoni, mhandisi, dada mmoja wa Mwanza aitwaye Eunice, alieleza kwamba mfereji utapeleka maji yote huko chini. Egidi akauliza kama anatakiwa kuhama au kujifunza kuvua. Watu walicheka, yeye hakucheka. Ndipo likatoka wazo kwamba mji ulimwe kama ngoro: sisi Wamatengo mlimani hatuyafukuzi maji, tunayachimbia mashimo yatulie humo, na shamba linapona. Eunice alilipenda. Akasema basi lichimbwe bwawa dogo mahali pa chini kabisa, kabla ya kufika kwa Egidi.

Juzi walipita wakichomeka vigingi. Mahali pa chini kabisa, Dada, ni uani kwa Mama. Bwawa linachukua nyumba, mibuni aliyoachiwa na Baba, na Baba mwenyewe pale alipolala. Wanasema kaburi litahamishwa kwa heshima na Mama atapewa kiwanja kingine. Mama aliwajibu kwamba kiwanja anacho tayari, kando ya mumewe. Hana haraka nacho, ila hakihamishwi.

Sasa ona nilivyobanwa. Egidi na majirani wa bondeni wamenichagua nikalitetee bwawa kwenye mkutano wa Alhamisi. Mama naye amenituma nikalipinga, kwa kuwa ndimi niliyebaki nyumbani. Wote nimewaitikia. Nikitokea mlango wa mbele nakutana na Egidi akinishukuru. Nikitokea wa nyuma nakutana na vigingi.

Na hapa ndipo salio lingekatika. Aliyesimama mkutanoni na habari za ngoro ni mimi. Nilipigiwa makofi, nikaketi nimejaa fahari. Sikukumbuka kwamba mjini kila shimo huchimbwa kwa mtu.

Mama sijamwambia. Lakini jana tukinywa chai aliviangalia vile vigingi kwa muda, akasema kwamba aliyebuni bwawa hilo si msomi. Ni mtu aliyefundishwa ngoro na mama yake, na alifundishwa vizuri. Kisha akanikumbusha nifue shati jeupe la Alhamisi.

Njoo Jumatano, Dada. Sikuombi useme chochote. Siku ya mkutano keti tu upande mmoja wa Mama kwenye benchi, ule mwingine uwe wazi. Bado sijui nitasema nini. Ila nikimaliza nitarudi pale, nione kama atanisogezea nafasi.

Wape watoto salamu zangu. Shemeji mwambie mguu wake ukitabiri mvua kubwa wiki hii, asitutumie habari.

Mdogo wako anayekuheshimu,
Benno