Giaboksi ya Kulia

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, na kwamba magoti yameacha kukusumbua unapopanda ngazi. Mama naye namwamkia; mwambie asiache dawa ya kikohozi kwa kuwa tu amepata nafuu siku mbili. Sisi huku hatujambo. Mume wangu anakusalimu, na ananiita jenerali tangu meza ya chakula ilipogeuka karakana. Nakuomba kitu kimoja kabla sijaendelea: chukua miwani yako usome mwenyewe, usimpe Mama akusomee.

Kifaru changu cha vita cha kuchezea ulichonitumia nitengeneze kilifika salama. Niliposoma kwamba unataka binti yangu na mtoto wa kaka washindane likizo hii kupandisha vifaru vyetu vya rimoti kwenye ule ubao wa mteremko, na kwamba atakayefika juu ndiye utakayemwachia meza yako ya kazi na zana zote, nilicheka peke yangu. Binti yangu hakucheka. Siku hiyo hiyo alisugua magurudumu yote kwa mswaki.

Mara ya kwanza ya shindano hilo nilikuwa na miaka kumi na sita, kaka kumi na saba. Ulisema utampeleka mmoja wetu tu chuo cha ufundi, na ubao ndio utakaoamua. Siku ya kujaribu changu kilipanda mara tatu mfululizo. Jioni ukavichukua vyote viwili kuvikagua, ukafunga giaboksi, visanduku vya gia vya kushoto na kulia, ukadondoshea kila kichwa cha skrubu tone la rangi ya kucha ya Mama, na kabla halijakauka ukachora kwa sindano kile kialama chako, ili yeyote atakayefungua ajulikane. Kesho yake changu kikafika katikati ya ubao, mnyororo wa kulia ukasimama, kikajizungusha na kuanguka sakafuni. Niliomba tukifungue. Ukasema hakuna haja, gia zimesagika, mkono wangu mzito, nabana rimoti kama nakamua nguo. Kaka akaenda chuo. Mimi nikaenda kwa shangazi kujifunza kushona, na kifaru kikapandishwa juu ya kabati.

Nilikuamini, Baba. Hata nilipochoka kushona nikaanza kutengeneza vyerehani, niliwatahadharisha wateja kwamba mkono wangu mzito, wanivumilie. Miaka ishirini na mbili nimesema hivyo. Wao hunicheka, kwa sababu mashine iliyowashinda mafundi watatu huletwa kwangu. Nilidhani ni bahati.

Basi nikaanza kazi. Minyororo ya plastiki ilikuwa imepasuka, nikaweka ya chuma. Uzito ukaongezeka, kwa hiyo nikabadilisha mota zote mbili, na palipokuwa na bushi za plastiki nikaweka beringi ndogo nilizozitoa kwenye printa mbovu. Giaboksi ya kushoto haikuwa na neno zaidi ya vumbi. Ya kulia niliizungukazunguka siku mbili. Nilikuwa naogopa kuona nilichokiharibu.

Hakukuwa na jino hata moja lililosagika. Gia zote nzima, na grisi yako ya njano imegandia pale pale ulipoipaka. Kilichokatika ni pini inayoishika gia ya mwisho kwenye shafti yake, na haikuwa ya chuma. Ilikuwa kijiti cha kiberiti, kimekatwa sawasawa na urefu wa tundu. Kwenye sakafu kingevumilia. Kwenye ubao, kisingeweza.

Sasa nakiri kosa langu. Wa kwanza niliyemfikiria ni kaka. Nilimpigia simu nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Aliniacha nimalize, kisha akaniuliza taratibu kama ile rangi ya kucha ilikuwa imepasuka. Mimi sifungui mashine bila kuipiga picha kwanza, ndivyo nilivyozoea. Nikaitafuta picha ya giaboksi kwenye simu. Matone manne, mazima, na kialama chako juu ya kila moja. Nilimsomea kaka nilichokuwa naona. Nikasikia analia, mtu mzima na ndevu zake. Akasema kumbe amevaa koti la mtu miaka yote hii.

Umeniumiza, Baba. Ungeniambia tu kwamba unampeleka kaka kwa sababu ni mwanamume, ningelia wiki moja, ningekununia mwezi mzima, yakaisha. Badala yake uliniacha niuchukie mkono wangu mwenyewe. Na jambo linaloniuma kuliko yote ni kwamba kijiti kile ulikikata vizuri mno.

Tutakuja likizo, usiwe na wasiwasi. Pini mpya nimeikata kwenye sindano nene ya cherehani, na mfuniko wa giaboksi nimeutengeneza kwa plastiki inayoonyesha ndani. Kaka ameahidi kufanya hivyo hivyo kwenye cha mwanawe. Binti yangu akishindwa, atashindwa akijua kwa nini. Rangi ya kucha nitamletea Mama chupa mpya, apake kwenye kucha zake.

Msalimie shangazi ukimwona, na majirani wote wanaoniulizia. Vipande viwili vya kijiti nimevifunga humu kwenye karatasi. Viweke kiganjani, Baba, uone uzito wake.

Ni mimi binti yako,
mwenye mkono mzito.