Mtu wa Mikoko

Baba, habari ya huko Koboko? Mimi niko pwani, nimepanga chumba kando ya hifadhi ya mikoko, miti inayoota ndani ya maji ya chumvi. Jana Bi Mwanaisha, mwenye nyumba, aliniuliza kwetu ni wapi. Nikajibu kwa Kiswahili chako cha kambi ya jeshi: "Mimi iko mutu ya Koboko." Yeye akasikia mikoko.

"Kumbe wa hapa hapa. Wageni ndio hula barazani, wewe njoo jikoni."

Nilimweleza ukweli nikiwa nimeshamaliza kaa wa nazi. Akacheka, akaniongezea wali. "Ushakula jikoni kwangu, ugeni umekwisha."

Asante, Baba. Wajukuu wakianza tena kukusahihisha Kiswahili chako, waambie wanyamaze. Mungu akutunze.

Mwanao, Zaituni